Tufunge Njia ya Ugonjwa, Tusifunge Njia ya Jirani

Mazungumzo ya redio kwa jamaa zilizohama, kwa jamaa zinazozipokea, na kwa viongozi wa mitaa na vijiji

Maneno haya ni kwenu akina baba na akina mama, vijana, wazee wa kijiji, wakubwa wa mitaa na wa nyumbakumi, wachungaji, mapadri, mashehe na walimu. Ni kwenu zaidi ninyi mnaotusikia mkiwa mbali na makwenu: katika kambi, katika chumba cha masomo mlichokigeuza kuwa nyumba, au kwa ndugu aliyewakaribisha. Na wewe utakayeyasoma maneno haya kwenye karatasi, ujue kwamba yanakuhusu pia. Ukimaliza kuyasoma, mpe jirani yako.

Leo tunazungumza juu ya kurudi. Mara nyingi tukitaja neno hilo tunafikiri kurudi kijijini baada ya vita. Lakini kuna kurudi kwingine ambako nako kunahitaji akili na subira. Ni kurudi kwenye maisha ya kila siku wakati ugonjwa mkubwa unapoanza kupungua: kurudi sokoni, masomoni, shambani, kanisani na msikitini, kurudi kwenye matanga, kurudi kusalimiana kwa mkono.

Sisi watu wa mashariki ya Kongo tumejifunza jambo hili kwa machozi. Wazee wa Goma wanakumbuka kipindupindu cha mwezi wa 7 mwaka 1994, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipokufa kwa maelfu kando ya barabara kwa kukosa maji safi. Watu wa Mangina, Beni na Butembo wanakumbuka Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018. Kabla haijaisha, korona ikaingia nchini. Mgonjwa wake wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2020. Kisha, mwaka 2023, upande wa Kamituga katika Kivu ya Kusini, ikaonekana aina mpya ya mpox, na mwaka uliofuata dunia nzima ikatangaziwa hali ya hatari.

Kila mara, ndugu zangu, inafika siku ambapo wagonjwa wanapungua na watu wanaanza kuuliza: je, sasa tunaweza? Siku hiyo ni nzuri, tena ni ya hatari. Siku hiyo kijiji hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema: "Imekwisha, twende zetu." Wanaacha kunawa, wanaficha mgonjwa, wanajazana. Kundi la pili linasema: "Hapana. Na yule aliyelazwa asirudi hapa. Na wale wa kambini wasikaribie kisima chetu." Kundi la kwanza linaweza kuurudisha ugonjwa. Kundi la pili linaweza kuleta ugomvi, na ugomvi katika nchi yetu tunajua unavyokwisha. Leo tunatafuta njia ya katikati.

Kwanza tusikie habari ya mwaka 2020 mjini Beni. Mwanzoni mwa mwezi wa 3 mgonjwa wa mwisho wa Ebola alitoka katika kituo cha matibabu, na watu wakaimba na kucheza. Ikaanza hesabu ya siku 42. Kwa nini 42? Kwa sababu mtu aliyeambukizwa Ebola anaweza kukaa siku 2 mpaka 21 kabla ya kuugua. Waganga huchukua siku hizo 21 mara mbili, wakianza kuhesabu tangu mgonjwa wa mwisho alipopimwa na kuonekana hana ugonjwa tena, ili wawe na hakika. Hesabu ilikuwa iishe tarehe 12 mwezi wa 4. Tarehe 10, siku mbili tu kabla ya kutangaza mwisho, mgonjwa mpya akathibitishwa Beni. Zilikuwa zimepita siku 52 bila mgonjwa mpya hata mmoja.

Fikirini uchungu wa siku ile. Wengine wakasema wamedanganywa. Lakini angalieni tena: mgonjwa yule alionekana kwa sababu watu walikuwa bado wanapima na bado wanaangalia. Kama wangekuwa wamefunga mizigo yao siku ya ngoma, ugonjwa ungetembea gizani kwa majuma mengi. Hesabu ikaanzwa upya, na tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020 mwisho ukatangazwa. Watu zaidi ya 3,400 walikuwa wameugua, na 2,287 walikuwa wamekufa. Zaidi ya 1,100 walipona. Hao waliopona tutawarudia.

Somo la kwanza basi ni hili: kupungua kwa ugonjwa si kwisha kwa ugonjwa. Tunarudi, ndiyo. Lakini tunarudi huku macho yako wazi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya: tahadhari na mashaka. Yanafanana kwa nje, kwa maana yote mawili hutufanya tusimame mbali kidogo. Lakini tahadhari inaangalia kitendo, na mashaka yanaangalia mtu. Tahadhari inauliza: "Umenawa mikono? Una homa? Mmemzika nani juma hili, na kwa namna gani?" Swali hilo anaulizwa kila mtu, chifu na mchuuzi, mwenyeji na mgeni. Mashaka yanauliza: "Wewe ni wa kabila gani? Umetoka kambi gani? Si ninyi mliotuletea?" Swali hilo anaulizwa mtu mmoja tu, yule asiye na mtetezi.

Tahadhari hufunga njia ya ugonjwa. Mashaka hufunga njia ya jirani, na ugonjwa hauzuiliki hapo, kwa sababu ugonjwa hausomi karatasi ya utambulisho. Kisha yule jirani aliyefungiwa njia, akiugua kesho, hatasema. Ataogopa, atajificha, atakimbia usiku na watoto wake. Ndivyo mashaka yanavyoueneza ugonjwa ule ule yanaodai kuuzuia.

Ili kufunga njia ya ugonjwa, ni lazima kuijua. Kila ugonjwa una njia yake. Kipindupindu hupita katika maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Ebola hupita katika damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili wa mtu anayeumwa, na zaidi katika maiti yake. Mtu ambaye hajaanza kuumwa haambukizi wengine. Korona hupita katika pumzi, na yenyewe inaweza kuambukiza kabla mtu hajajisikia vibaya. Mpox hupita zaidi katika kugusana ngozi kwa ngozi, na katika nguo na matandiko ya mgonjwa, mpaka magamba yote ya vidonda yaanguke na ngozi mpya iote. Basi msiulize tu, "Tufunge nini?" Ulizeni kwanza muuguzi wa kituo chenu cha afya: "Ugonjwa huu unapita wapi?" Mkishajua, mtaona kwamba hakuna haja ya kufunga maisha yote. Mnafunga ile njia.

Sasa tupite mahali kwa mahali, kama mtu anayerudi nyumbani na kufungua mlango mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza ni maji. Usifungue soko wala masomo wala kanisa kabla ya kuweka maji mlangoni. Si lazima kungoja msaada. Chukua bidoni ya lita 5, itoboe tundu dogo karibu na mdomo, itundike kwenye mti wa kulala, ufunge kamba mpaka kwenye kijiti cha kukanyagwa kwa mguu. Ukikanyaga, maji yanatoka, na mkono haugusi bidoni. Weka sabuni kando. Kama sabuni hakuna, jivu safi linasaidia. Lakini mnahitaji jambo moja zaidi: mtu wa kuijaza. Bidoni tupu mlangoni ni mapambo. Wekeni zamu, na zamu iwe ya wenyeji na wahamaji pamoja. Kisima kikiwa kimoja, tengenezeni saa zinazojulikana na wote, na mama wa kambini apange mstari mmoja na mama wa kijiji. Magomvi mengi yaliyoitwa ya kabila yalianza na bidoni mbili kwenye bomba moja.

Mlango wa pili ni soko. Mama anayeuza sombe hawezi kungoja siku 42, kwa maana watoto wake wanakula kile alichouza leo. Kumfungia soko bila kumpa kitu mkononi ni kumwambia achague kati ya ugonjwa na njaa, naye ataichagua barabara ya kichochoro ambako hakuna maji ya kunawa wala mtu wa kuangalia. Afadhali soko liwe wazi na lipangwe. Meza ziachane. Siku za soko ziongezwe, ili watu wasijazane siku moja. Njia ya kuingilia iwe moja, na ya kutokea nyingine. Feza na bidhaa ziwekwe juu ya meza, visipokewe mkono kwa mkono. Na ushuru wa soko usiongezwe kwa jina la ugonjwa. Kiongozi anayegeuza bidoni ya kunawa kuwa kizuizi cha kutoza watu anaiua imani kwa franka 200.

Mlango wa tatu ni masomo. Mwezi wa 9 mwaka 2018 Ebola ilikuwa bado inaua Beni na Mangina, na masomo yalifunguliwa hata hivyo. Watoto walinawa mikono mlangoni, wakapimwa homa, na walimu wakafundishwa dalili za ugonjwa. Mtoto aliye darasani anaonekana kila asubuhi. Asipokuja, mwalimu anauliza. Mtoto aliye barabarani hakuna anayemhesabu, na katika sehemu zetu tunajua ni nani wengine wanaowatafuta watoto walio barabarani. Mzazi, ukiona mtoto ana homa, mwache nyumbani na umpeleke kituo cha afya. Mwalimu, mtoto akirudi baada ya kupona, mkaribishe mbele ya wenzake wote. Maneno mawili ya mwalimu yanaweza kuzuia mwaka mzima wa matusi.

Mlango wa nne ni sala na salamu. Kutosalimiana kwa mkono kwetu ni kama tusi, tunajua. Basi kijiji kikubaliane salamu moja kwa muda huo: kuweka mkono kifuani, au kuinama kidogo. Ikiwa ni ya wote, hakuna atakayejiona amekataliwa. Wachungaji, mapadri na mashehe, waumini wanawasikiliza kuliko redio. Mkisema juu ya kunawa na kuachana nafasi, kisha mkafanya vile vile ninyi wenyewe, kazi imekwisha nusu.

Mlango wa mwisho, na ulio mzito kuliko yote, ni matanga. Katika Ebola, kumwosha na kumkumbatia marehemu kulipeleka wengi kaburini. Mwanzoni familia nyingi zilikataa mazishi ya wale waliovaa nguo za plastiki, na tuwaelewe. Mtu anaondoka na mpendwa wako katika mfuko, hujui amepelekwa wapi, hukutupa hata udongo. Mambo yalibadilika pale jamaa walipopewa nafasi ya kusimama kwa umbali, kuona, kuomba, kuleta nguo ya marehemu na kuchagua mahali pa kaburi. Usalama na heshima vinaweza kwenda pamoja. Kiongozi, ukiona mazishi ya haraka yanafanyika bila jamaa kuwapo, simama uulize. Na wewe uliyefiwa, wageni wako wa matanga wanaweza kuja wachache wachache kwa siku nyingi badala ya wote usiku mmoja. Kilio kinachogawanywa katika siku saba bado ni kilio.

Ndugu wasikilizaji, tulisema tutawarudia waliopona. Mtu aliyepona Ebola akitoka kituoni amepimwa, na damu yake imeonekana haina tena virusi. Ukimsalimu, ukila naye, mtoto wako akicheza na wake, haambukizi kwa hayo. Butembo na Beni, waliopona walifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuifanya kwa urahisi: walilea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, katika nyumba za kulelea zilizokuwa karibu na vituo vya matibabu. Miili yao ilikuwa imepata kinga, kwa hiyo waliweza kuwabeba watoto ambao wengine waliogopa kuwagusa. Watu wale wale ambao mitaa mingine iliwakataa ndio waliokuwa ukuta kati ya watoto na kifo.

Tuseme pia ukweli wote, kwa sababu kuficha ukweli ndiko kunakozaa uvumi. Virusi vya Ebola vinaweza kubaki katika mbegu za mwanamume aliyepona kwa miezi mingi, mara nyingine hata kupita mwaka. Kwa hiyo baba aliyepona anaombwa kupimwa mara kwa mara na kutumia kondomu mpaka waganga wamwambie kwamba ni salama. Mwezi wa 2 mwaka 2021 Ebola ilionekana tena upande wa Butembo, na uchunguzi ukaonyesha kwamba virusi vile vilitokana na mlipuko uliotangulia. Je, hilo ni sababu ya kuwafukuza waliopona? Hapana, ni sababu ya kuwashika karibu. Baba aliyefukuzwa hatarudi kupimwa. Baba anayeheshimiwa atarudi, na ataeleza nyumbani kwake bila haya. Angalieni tena tofauti ile: tahadhari inahusu kitendo kimoja, kwa muda unaojulikana. Mashaka yanamfunga mtu mzima, kwa maisha yake yote.

Sasa niseme nanyi jamaa mliohama, na ninyi mnaowapokea. Vita na ugonjwa hutembea pamoja katika nchi yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma, wagonjwa wengi wa mpox walikimbia vituo walimokuwa wametengwa, na mwezi wa 2 kambi nyingi zilizozunguka mji zikavunjwa na watu wakatawanyika. Hakuna aliyekimbia risasi kwa kutaka kueneza ugonjwa. Mkumbuke hilo kabla ya kumnyoshea mtu kidole.

Wewe unayepokea: mgeni akifika, mpe maji ya kunawa, mpe mahali pa kukaa, kisha muulize habari za afya kama unavyomuuliza mtoto wako akitoka safari. Kama kuna ugonjwa wenye siku za kuangaliwa, mwonyeshe kituo cha afya na umsindikize. Siku 21 za kuangaliwa si kifungo. Ni siku za kupimwa homa asubuhi na jioni, na katika siku hizo mtu anahitaji chakula na maji, maana haendi kutafuta kibarua. Mtaa unaomwambia mtu "usitoke" bila kumletea unga umemwambia "toka usiku."

Wewe uliyehama: sema ulikotoka na uliyemuuguza. Najua hofu yako. Unafikiri ukisema utanyimwa kibarua, au jina lako litaondolewa kwenye orodha. Chagua mtu mmoja unayemwamini, muuguzi au mama wa kamati ya kambi, umwambie. Na ukiwa mzima, jiunge na kazi ya salongo, ushike jembe kwenye usafi wa vyoo pamoja na wenyeji. Jina baya la kambi halifutwi na hotuba. Linafutwa polepole na watu wanaoonekana wakifanya kazi bega kwa bega.

Ninyi viongozi, ninawaachia mambo matatu.

La kwanza: sheria iwe moja kwa wote, na sababu yake isemwe. Mwezi wa 12 mwaka 2018 ilitangazwa kwamba uchaguzi umeahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola na usalama. Lakini masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, masomo yalikuwa wazi. Watu wakauliza: ugonjwa gani huu unaokaa kwenye sanduku la kura tu? Hasira ikawaka, na siku iliyofuata kituo kimoja cha wagonjwa mjini Beni kikavamiwa. Mwezi wa 2 mwaka 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 mwezi wa 4 daktari Richard Mouzoko, aliyekuja kutoka Kameruni kutusaidia, akauawa mjini Butembo. Wenye kosa ni wale waliochoma na kuua, hakuna udhuru kwa hilo. Lakini kiongozi mwenye busara anajua kwamba sheria isiyoeleweka ni petroli. Kiberiti hakikosi mwenye kukileta.

La pili: fungueni kwa hatua, na kila hatua iwe na tarehe. Mwaka 2020, hali ya dharura ya korona ilipoondolewa, nchi ilipangiwa kufunguka kwa hatua tatu: biashara na usafiri tarehe 22 mwezi wa 7, masomo mwanzoni mwa mwezi wa 8, makanisa na mipaka tarehe 15. Ninyi nanyi fanyeni hivyo kwa kadiri yenu. Semeni: juma hili soko, baada ya majuma mawili tukutane tuone, kama hakuna mgonjwa mpya tunaendelea. Kama yuko, tunarudi hatua moja nyuma, si hatua zote. Mtu anavumilia kungoja akijua anangoja nini.

La tatu: onyesheni, msifiche. Beni, mwaka 2018, waganga walianza kutumia vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, vilivyoitwa CUBE. Mama alisimama nje akamwona mwanawe amelala, akamwona muuguzi akimpa dawa, akazungumza naye. Mtu anayeona kwa macho yake hahitaji kuongezewa habari na mvumishaji. Basi kila mnachofanya, sabuni iliyofika, feza iliyotoka, orodha ya waliosaidiwa, kibandikeni ukutani na mkisome kwa sauti kwenye baraza, mbele ya wahamaji na wenyeji.

Na uvumi ukija, kwa maana utakuja, usikimbie kuupeleka mbele. Uulize maswali matatu: Nani ameona kwa macho yake? Nani anapata faida nikiamini? Nani ataumia nikirudia? Ukikosa jibu la la kwanza, nyamaza. Ukiona jibu la la tatu ni jirani yako, nenda kwake kabla ya kwenda kwa mwingine.

Wazee husema aliyeumwa na nyoka huogopa hata kamba. Ni kweli, nasi tumeumwa mara nyingi. Hakuna atakayemcheka mtu wa Beni, wa Goma au wa Kamituga akishtuka. Lakini akishashtuka, na aangalie vizuri. Kama ni nyoka, achukue fimbo. Kama ni kamba, aiokote, maana bado tunaihitaji kufungia mzigo. Yule jirani uliyemwogopa wakati wa ugonjwa ndiye utakayemwita wakati mtoto wako atakapougua usiku na pikipiki ikakosekana.

Kabla hatujaachana, nawaachia maswali ya kuzungumza leo jioni, nyumbani, kambini au kwenye baraza:

1. Katika mtaa wetu, ni sheria gani ya ugonjwa inayowaangukia watu wa aina moja tu? Tuibadilishe namna gani iwe ya wote?

2. Nani kati yetu amepona, au amerudi, na bado hajakaribishwa? Nani ataenda kumtembelea kesho, na saa ngapi?

3. Bidoni ya kunawa iko wapi, na zamu ya kuijaza leo ni ya nani?

Mkijibu swali la tatu tu kwa jina la mtu, mmekwisha kuanza.

Mkae na afya, na mkae na amani.